Mchemraba uliovunjika kwa sekunde nne

Mzee wa maabara aliusukuma mchemraba wa pili wa zege hadi katikati ya sahani ya chuma, akaupangusa vumbi kwa kiganja, akafungua vali ya mashine ya kuuponda. Mshale ukaanza kupanda. Mimi sikuwa naangalia saa. Nilikuwa naandika jibu la mchemraba wa kwanza, megapaskali 23.9, yaani mbano uliouponda, huku nikipiga hesabu kichwani tumepungukiwa kiasi gani kufika 25 zinazotakiwa. Sijamaliza hata tarakimu ya mwisho, nikasikia mlio kama wa tairi kupasuka.

"Ishirini na tano nukta nne," akasema. "Umepita huu, Injinia."

Mchemraba wa kwanza ulichukua kama sekunde 40. Huu ulichukua nne, labda tano.

"Mzee, umeubana haraka mno."

"Haraka kidogo tu. Giza linaingia na kuna mingine sita inangoja. Kwani zege linajua saa?"

Tukavunja wa tatu kwa mwendo unaotakiwa, megapaskali 0.6 kwa kila sekunde. Ukatoa 24.1. Jibu la mchemraba wa pili tukalipiga mstari, na zege lenyewe likaenda kuchunguzwa kwa njia nyingine, ambayo si hoja ya leo. Kwenye karatasi mambo yaliishia hapo.

Kwangu hayakuisha. Utani wa mzee ulinifuata nyumbani, ukakaa nami wiki tano.

Kwani zege linajua saa?

Linajua

Kwanza nijitetee: mchemraba mmoja hauthibitishi kitu. Michemraba miwili ya mchanganyiko uleule, iliyomiminwa na mkono uleule, hutofautiana kwa kiasi kama hicho bila mtu kugusa vali. Inawezekana ule wa pili ulikuwa na bahati tu. Lakini mwelekeo wake ni wa kweli na si mgeni: Duff Abrams, yuleyule aliyetupa kanuni ya uwiano wa maji na saruji, aliandika mwaka 1917 kwamba zege likibanwa kwa kasi zaidi hubeba zaidi kabla ya kupondeka.

Sababu moja iko kwenye nyufa. Mtu mwenye nafasi hukizunguka kichaka cha miiba. Anayekimbizwa hupita katikati. Ufa nao ni hivyohivyo. Zege likibanwa taratibu, ufa hupita pale penye udhaifu, yaani kwenye mpaka wa kokoto na uji wa saruji ulioganda, na huzunguka kokoto moja baada ya nyingine. Likibanwa ghafla, ufa hauna muda wa kuchagua. Unapasua kokoto yenyewe, na nyufa nyingine nyingi zinafunguka kwa wakati mmoja, kila moja ikidai nishati yake. Kuna na maji yaliyobaki kwenye vitundu vidogo vya zege. Chukua vioo viwili vyenye maji katikati: ukivitenganisha polepole vinaachana, ukivivuta kwa mkupuo vinang'ang'aniana.

Siku ile niliokota vipande vya michemraba yote mitatu nikavipanga juu ya meza, nikitafuta kokoto zilizopasuka. Sikuona tofauti yoyote. Kati ya sekunde 40 na nne bado tuko kwenye ulimwengu wa polepole.

Ulimwengu wenyewe wa haraka uko mbali sana. Zege hupondeka linapofupika kwa asilimia 0.2 au 0.3 hivi ya urefu wake. Kwenye mashine ya maabara safari hiyo huchukua nusu dakika au zaidi. Kwenye tetemeko la ardhi ni sehemu ya sekunde. Karibu na mlipuko ni sehemu ndogo ya milisekunde moja. Kutoka mashine ya mzee hadi kwenye bomu, kasi imezidishwa zaidi ya mara milioni.

Kasi za namna hiyo hupimwa kwa vyuma viwili virefu na kipande kidogo cha zege katikati yake. Chuma kimoja hugongwa, wimbi husafiri ndani yake, na kipande hupondwa linapopita. Wazo la kutumia chuma kirefu lilitoka kwa Bertram Hopkinson mwaka 1914. Mtafiti mwingine, Herbert Kolsky, akaweka kipande katikati ya vyuma viwili mwaka 1949. Majibu yake yanatamanisha. Zege la kawaida linaonekana kuwa na nguvu mara moja na nusu, mara mbili, wakati mwingine zaidi ya hapo. Zege likivutwa, ongezeko ni kubwa kuliko likibanwa.

Hapo nilianza kuzitilia shaka hizo namba. Kipande kikibanwa kwa kasi ile, mbavu zake zinataka kutanuka nje lakini hazina muda wa kuondoka zilipo. Uzito wake wenyewe unazishika. Yaani zege linajibana lenyewe, na chombo kinaandika kwamba lina nguvu. Sehemu ya ongezeko ni tabia ya zege. Sehemu nyingine ni tabia ya kipande kile, kwa umbo lile, ndani ya chombo kile. Watafiti wanabishana hadi leo kila sehemu ina ukubwa gani.

Swali lililoninyima usingizi

Tuseme basi tunachukua ongezeko dogo tu, lile lisilo na ubishi. Nondo nazo huongezeka: chuma kikivutwa haraka, kiwango cha kuanza kulegea hupanda. Zege limepanda, nondo imepanda. Tetemeko au mlipuko ukifika, ungetarajia uikute nguzo ikiwa imara kuliko ile tuliyoichora.

Mbona nguzo zinakatika?

Namaanisha kukatika hasa, na siyo kuchoka na kupinda. Kwenye picha za baada ya matetemeko, nyufa mbili zimepishana kama herufi X katikati ya nguzo, ganda limemwagika chini, nondo zimefura nje kama mbavu za kikapu kilichokaliwa. Hiyo si sura ya kitu kilichopata nguvu.

Nilikaa na swali hili muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, kwa sababu nilikuwa nalitazama kwa jicho la mchemraba. Mchemraba una kazi moja, kubanwa. Nguzo ina kazi tatu kwa mpigo: kubanwa, kupindwa na kukatwa. Na kasi haizigawii kazi hizo sawa.

Namba 1.00

Jeshi la Marekani lina mwongozo wa kusanifu majengo ya kuhimili milipuko, na ndani yake mna jedwali dogo la vizidishi. Unachukua nguvu ya kawaida ya zege au nondo, unazidisha, unapata nguvu ya kutumia wakati wa mlipuko. Nililijua jedwali hilo tangu zamani. Nilikuwa nalisoma safu ya kwanza tu, kama tunavyofanya wengi.

Kwa mlipuko ulio mbali kiasi, safu ya kupinda inasema: nondo 1.17, zege 1.19. Zawadi.

Safu inayofuata ni ya mkato, ule unaopasua nguzo kimshazari: nondo 1.00, zege 1.00.

Hakuna zawadi. Waliotunga jedwali hilo walijua zege hupata nguvu kwa kasi, wakaamua kwamba kwenye mkato hatutahesabu hata senti moja ya faida hiyo, kwa sababu kukatika kwa namna hiyo hakutoi onyo.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili angeipiga. Nguzo ina urefu wa mita 3, imeshikwa juu na chini. Jengo likisukumwa kando, nguzo inapindwa miisho yote miwili mpaka kila mwisho ufike kikomo, tuseme kilonyutoni-mita 150. Nguvu ya mkato inayozaliwa ni jumla ya hizo mbili kugawanya kwa urefu: 300 kwa 3, ni kilonyutoni 100. Msanifu makini ameipa nguzo uwezo wa mkato wa 110. Salama. Itapinda kwanza, na kupinda ni kifo cha polepole. Watu wanapata muda wa kutoka.

Sasa iharakishe. Uwezo wa kupinda unapanda hadi 150 mara 1.17, yaani 175 na nusu. Mkato unaozaliwa nao unapanda hadi 117. Uwezo wa mkato umebaki palepale, 110.

Nguzo imekatika kabla ya kupinda. Tena imekatika kwa sababu imepata nguvu.

Niliisoma hesabu hiyo mara tatu. Mkato katika nguzo kwa kiasi kikubwa huzaliwa na ukaidi wa nguzo yenyewe kukataa kupinda. Ukiongeza ukaidi bila kuongeza uwezo wa kukatwa, umeongeza hatari. Ndiyo maana mkaguzi akikuta nondo "zenye nguvu zaidi ya mchoro" hapaswi kufurahi tu. Zamani nilikuwa nafurahi.

Ukuta unaoishia dirishani

Kuna jambo lilelile linalotokea bila mlipuko wowote, na fundi anaweza kulisababisha kwa mwiko. Nguzo ya mita 3 inajengewa ukuta pande zote mbili mpaka nusu, juu panaachwa dirisha refu. Mchoro wa nguzo haukuguswa. Lakini sasa inayoweza kupinda ni mita moja na nusu tu, kwa kuwa ukuta umeishika sehemu ya chini.

Gawanya tena: 300 kwa 1.5. Mkato ni 200. Si hivyo tu, urefu wa nguzo ukipungua, ugumu wake hupanda kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo nguzo iliyofupishwa nusu inakuwa ngumu mara nane kuliko wenzake kwenye safu hiyohiyo. Tetemeko likisukuma sakafu yote kwa umbali mmoja, nguzo hii ngumu ndiyo inayovutia mzigo. Wenzake wanayumba, yenyewe inajifanya shujaa.

X nyingi ninazoziona kwenye picha ziko hapo, katikati ya dirisha na dirisha.

Milisekunde za mwanzo

Mlipuko una ukatili wake wa pekee. Nilihesabu nguzo ya mita 3 yenye upana wa sentimita 40 kila upande, imeshikwa vizuri juu na chini. Mtikisiko wake mmoja kamili wa kupinda huchukua kama milisekunde 6. Ili nguzo ifanye umbo la kupinda, umbo ambalo hesabu zetu zote zinalitegemea, inahitaji angalau sehemu ya muda huo.

Wimbi la mlipuko wa karibu haliisubiri. Linapiga uso wote wa nguzo kwa mkupuo. Sehemu ya katikati inaanza kusogea. Miisho imefungwa kwenye sakafu na haiwezi. Kwa hiyo mkato mkubwa unajikusanya kwenye miisho wakati kupinda hakujaanza bado, na nguzo inaweza kunyofolewa pale inapokutana na bimu, kwa mkato ulionyooka, kama kipande cha muhogo chini ya panga.

Tarehe 19 Aprili 1995 lori lenye bomu lililipuka mbele ya jengo la serikali la Alfred P. Murrah, Oklahoma City, jengo la ghorofa 9. Nguzo iliyokuwa mita chache tu kutoka kwenye lori ilisambaratishwa na mlipuko wenyewe. Hilo halina mjadala. Kwa umbali ule hakuna nguzo ya kawaida ya kusimama. Kinachonisumbua mimi ni nguzo mbili za jirani, moja kila upande. Wahandisi waliochunguza walieleza kwamba hizo zilishindwa kwa mkato. Juu yake kulikuwa na bimu kubwa iliyobeba nguzo za ghorofa za juu. Zilipoondoka tatu chini, bimu ikakosa pa kulalia, na karibu nusu ya jengo ikashuka. Watu 168 walikufa, wengi wao kwa kuporomokewa na jengo.

Wachunguzi walisema pia jambo ambalo kila ninapolirudia linanikera upya: kama nguzo zile zingefungwa ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo ndefu, kwa namna inayotakiwa maeneo ya matetemeko, sehemu iliyoporomoka ingekuwa ndogo zaidi. Mahali pale hapakuhesabiwa kuwa pa matetemeko makali, kwa hiyo hakuna aliyedai. Dawa ya ugonjwa mmoja ingetibu na mwingine.

Nguzo mbili, tetemeko moja

Ringi.

Miaka 24 kabla ya hapo, tarehe 9 Februari 1971, tetemeko la San Fernando huko California liliikuta hospitali ya Olive View ikiwa mpya kabisa. Minara mitatu kati ya minne ya ngazi iling'oka na kuanguka. Ghorofa ya chini ikalala upande. Lakini kilichowafanya wahandisi warudi na kamera zao ni nguzo za ghorofa hiyo ya chini, kwa sababu zilikuwa za aina mbili, kama vile mtu alikusudia kufanya jaribio.

Za kona zilifungwa kwa ringi za kawaida, moja hapa, nyingine kule. Zilisagika, kiini kilimwagika kati ya nondo.

Nyingine zilizungushiwa chuma kimoja mfululizo kama springi, mzunguko karibu na mzunguko. Ganda lote liliondoka. Zikainama vibaya mno, kiasi kwamba ukiona picha unajiuliza zinangoja nini. Na bado zilibeba jengo.

Zege lilikuwa zege tu, na tetemeko lilikuwa moja. Zege likibanwa hutanuka ubavuni, na ringi ndizo zinazolikataza. Bila ringi mchanga ni lundo. Ukiutia guniani unaweza kusimama juu yake. Ringi hizohizo ndizo zinazobeba mkato, na ndizo zinazozuia nondo ndefu zisifure nje ganda likishatoka. Kazi tatu kwa chuma chembamba ambacho kwenye bei ya nguzo karibu hakionekani. Wasanifu wa barabara wa California walilielewa somo hilo: nguzo za zamani za madaraja wakazivisha mabati mazito ya chuma, na tetemeko la Northridge lilipokuja mwaka 1994 zilizovishwa zilisimama vizuri.

Ndipo nikakumbuka nguzo nane.

Miaka kadhaa iliyopita nilipitisha nguzo nane ambazo ndoano za ringi zake, yaani mikia ya kufungia, zilikunjwa digrii 90. Mchoro ulidai 135. Gari la zege lilikuwa limeshafika getini, dereva anapiga honi, na mafundi wote wananitazama mimi. Nikajiambia ringi zipo, idadi ni sahihi, nafasi ni sahihi, tofauti ni mkia tu. Nikasaini.

Jengo lile limesimama. Limesimama kwa sababu hakuna kilichowahi kuliharakisha.

Digrii 45

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye msingi wa jengo jingine. Kijana wa nondo alikuwa amechuchumaa mbele ya benchi lake la kukunjia, rundo la ringi pembeni, zote digrii 90. Nilimwambia hazifai. Hakubisha, ila aliuliza kwa dhati, na nikaona aibu kwamba hakuna aliyewahi kumjibu.

"Injinia, hizo digrii 45 za ziada zinafanya kazi gani? Si zege likishamwagwa vyote vinafichwa?"

Nilichukua ringi moja nikaipachika kwenye nondo ya kona ya nguzo iliyokwisha kufungwa. Mkia wake ulilala sambamba na uso wa nguzo, upande wa nje. Nikamwambia aweke kiganja juu yake.

"Kiganja chako ndilo ganda la zege. Sasa nguzo imepigwa, ganda limedondoka. Toa mkono."

Akatoa. Mkia ulikuwa wazi. Nikauvuta kwa bomba lake la kukunjia, ukafunguka bila jasho, na ringi ikaachia kona.

Tukakunja nyingine mpaka 135, tukaipachika palepale. Mkia ukaelekea ndani, katikati ya nguzo, mahali ambapo zege hubaki hata ganda likiondoka. Akaweka kiganja mwenyewe, akakitoa mwenyewe, akaangalia. Akarudia. Kisha akageuka kuangalia nguzo nyuma yangu.

"Ngapi umeshafunga?" nikamuuliza.

"Tatu. Na hii."

Akatoa koleo mfukoni, akaanza kukata waya.